Vitabu vya Leinasei na Nguruwe wa Kaka Yangu

Wifi yangu Leinasei ana ulimi, na mimi ninao, kwa hiyo miaka ishirini tuliyoishi ua mmoja haikuwa ya kimya. Nasema mapema ili mtu asije akadhani namsifu kwa kuwa ni mke wa kaka yangu. Kuna siku nilitaka kumchapa na mwiko. Lakini habari ya vitabu hakuna anayeijua kunishinda hapa kijijini, na nimeamua kuiandika mwenyewe, maana wanaume wameshaanza kuisimulia wakinywa kava, kile kinywaji chao cha mizizi, na kila wakiisimulia wao ndio wanaokuwa upande wa haki. Waongo wakubwa.

Leinasei alikuja kisiwani kwetu kufundisha darasa la tano akiwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, ametokea kisiwa cha Efate na begi moja la nguo na sanduku moja la vitabu. Sanduku lilikuwa zito kuliko begi. Shule yetu siku hizo ilikuwa na kitabu kimoja cha kusomea kwa watoto saba, kile cha familia inayokwenda dukani kununua mkate. Watoto walikuwa wamekikariri chote. Ungekipindua miguu juu bado wangekusomea bila kukosea.

Yeye alikuwa anasoma chochote chenye maandishi. Alisoma karatasi za makopo ya samaki. Alisoma magazeti ya zamani yaliyofungia misumari. Alisoma huku anakuna nazi, kitabu kimeegemea sufuria, na laplap yake, ule mkate wa viazi na nazi unaookwa kwenye majani, mara nyingi ilikuja na vipande vya kifuu.

"Wifi, unatulisha vifuu," nilimwambia siku moja.

"Tafuna tu. Yule mama yuko katikati ya mto na mtumbwi umetoboka, siwezi kumwacha hapo nikaangalie nazi."

"Mama gani tena?"

"Wa kitabuni."

Basi ndivyo alivyokuwa, na ndivyo alivyo mpaka leo.

Kaka yangu Kalmet alimpata kwa kosa. Alikuwa amepelekwa kutengeneza paa la nyumba ya walimu, akapumzika kivulini, akatamani kuvuta, na karatasi ya kusokotea tumbaku hana. Dirishani palikuwa na kitabu. Kalmet hakujua kusoma, kwake karatasi ilikuwa karatasi. Akaanzia nyuma ili asiharibu, ndivyo alivyojitetea baadaye, akachana moja, na kazi ya paa ilichukua siku nne.

Leinasei alipogundua, kurasa kumi na moja za mwisho zilikuwa zimekwisha kuwa moshi. Kilikuwa kitabu cha binti wa mnara wa taa. Baba yake anaingia baharini kwenda kuokoa watu, dhoruba inaingia, binti anabaki peke yake na taa, na mafuta yanaelekea kuisha. Ukurasa wa mia moja themanini na nne unaishia kwenye maneno "ndipo akasikia". Akasikia nini? Leinasei alikuwa hajafika hapo.

Alilia kwa hasira mbele ya mafundi wote. "Wewe mwanaume! Umevuta mwisho wangu!"

"Nisamehe, Mwalimu. Nitakulipa."

"Utanilipa na nini? Una kingine?"

Hakuwa nacho, lakini alikuwa na mtumbwi. Kila mwaka kuanzia Mei, bahari ikitulia, Wazungu wanapita na mashua zao za matanga na kutia nanga mbele ya kijiji siku mbili tatu. Kalmet akampakia Leinasei, mapapai na kaa wa nazi, akampigia kafi mpaka ubavuni mwa mashua. Leinasei akawa anauliza swali lilelile: mna kile cha binti wa mnara wa taa? Hawakuwahi kukisikia. Lakini watu wanaoishi baharini huwa na vitabu walivyokwisha kuvisoma na hawana pa kuvitupa, kwa hiyo kaa wa nazi walikwenda juu na vitabu vikashuka chini. Msimu wa kwanza walirudi na kasha moja. Msimu wa tatu yalikuwa manne, na hao wawili walikuwa wameoana. Siku kaka yangu anakufa makasha yalikuwa kumi na tisa, na kile cha binti wa taa hakijapatikana.

Leinasei alikuwa na sharti lake. Hakuna kitabu kilichoingia mkononi mwa mtoto kabla yeye hajakimaliza chote, hata kiwe kinene namna gani. Vya mauaji na vya mambo ya vyumbani aliviweka kando, juu ya boriti. Hivyo nilivisoma mimi, sitaki kudanganya. Vilivyobaki aliviandikia kwa penseli pembeni, kwa lugha yetu, ili mtoto asikwame. Palipoandikwa theluji, ameandika: "Kama ile barafu kwenye friji la duka, lakini inaanguka kutoka juu na hailipiwi." Walijenga yeye na Kalmet nyumba ya vitabu nyuma ya darasa, ya mianzi na bati, juu ya nguzo ili maji yasifike. Kimbunga kilipokuja Kalmet alihamishia makasha kanisani kwanza, ndipo akarudi kuchukua godoro lake, ambalo halikuwepo tena.

Kaka yangu alikufa kwa sukari, miaka miwili sasa. Aliacha mtumbwi na nguruwe. Nguruwe mwenyewe si wa kuchezea: Kalmet alimng'oa meno ya juu akiwa mdogo ili ya chini yapate nafasi, na kwa miaka tisa yakakua yakipinda mpaka yakafunga duara. Nguruwe wa namna hiyo hali kama wengine, hulishwa viazi vikuu vilivyopikwa laini, kwa mkono. Mkono wenyewe ulikuwa wangu. Tulikuwa tumekubaliana atachinjwa siku tutakayolitia kaburi la Kalmet simiti, maana mpaka wakati huo lilikuwa kokoto tupu.

Sasa aingie Mzee Kalsau.

Mzee Kalsau ni mzee wa kanisa, ni mwenyekiti wa kamati ya shule, na kama kungekuwa na cheo kingine angekuwa nacho. Ana mjukuu anaitwa Leimara, wa miaka kumi na mmoja, anasoma kwa wifi yangu. Jumapili moja walikuwa na wageni wa kanisa kutoka kisiwa cha pili. Wageni wamekaa, laplap imefunuliwa, Mzee anawaeleza jinsi kijiji chetu kinavyoshika adabu, kwamba hapa mwanamke haingii farea kusema. Farea ndiyo nyumba ya mikutano, mambo yote ya kijiji yanakatwa humo.

"Kwa nini, Babu?" Leimara akauliza.

Wageni wakaacha kutafuna.

"Nani kakufundisha kuuliza hivyo?"

"Hakuna. Nimejiuliza tu."

Hilo Mzee Kalsau hakuliamini. Kwamba mtoto wa kike akae chini ajiulize mwenyewe, haliwezekani, lazima kuna aliyemtilia. Kesho yake akaenda nyumba ya vitabu. Alifungua kimoja, akakuta picha ya msichana amesimama juu ya mnara peke yake, upepo unampeperusha nywele, hakuna baba, hakuna kaka. Akakifunga. Huo ndio usomaji wote alioufanya.

Jumanne kamati ikakaa, wifi yangu hakuitwa. Jumatano asubuhi tukaamka tukakuta jani la namele limefungwa mlangoni pa nyumba ya vitabu. Watu wote wakakusanyika. Jani hilo likifungwa kwenye miamba, huvui hapo mpaka lifunguliwe. Likifungwa njiani, hupiti. Hata mlevi hulizunguka.

Chifu Tarisau akasema kwa sauti ya mtu asiyeipenda kazi yake. "Jani litakaa mpaka Jumamosi. Jumamosi tanuri la mbata linawashwa, na makasha yataingia humo. Atakayelipita jani atatoa nguruwe."

"Nguruwe gani?" Mzee Kalsau akadakia. "Taja, Chifu. Watu hapa wana vichwa vigumu."

"Unataka wa namna gani?"

"Wa meno yaliyofunga duara."

Chifu akamtazama. "Kalsau, umelifikiria?"

"Nimelifikiria."

Alikuwa anatabasamu, na nilijua kwa nini. Nguruwe wa namna hiyo kijijini walikuwa wawili tu, mmoja wa Chifu na mmoja wa kaka yangu. Alijua Leinasei hawezi kumgusa wa marehemu. Na alijua kwamba hata akitaka, mimi nitamkata mikono.

Siku ile wifi alifundisha kwa kichwa tu, ubao na chaki. Mwalimu mkuu akamwita pembeni, mimi nilikuwa jirani nachota maji. "Mwalimu, tulia. Vitabu vya mashua si vya serikali. Mwaka ujao tutaomba vingine."

"Ombeni. Mimi sikuomba, mimi nilipiga kafi."

"Nakuonea huruma tu. Wanaweza kukuandikia uhamisho."

"Waandike. Angalau wataandika kitu."

Alhamisi alikuja jikoni kwangu. Nilikuwa nampondea nguruwe kiazi. Akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akawa anaangalia ile sufuria, nami nikaelewa.

"Hapana," nikasema.

"Sijasema neno."

"Usiseme. Nguruwe huyu ni wa kaburi la kaka yangu. Miaka tisa namlisha kwa vidole hivi. Kaka yangu amelala chini ya kokoto kama mtu aliyeokotwa, na wewe unataka kumtoa nguruwe wake kwa ajili ya makaratasi? Ulimpenda Kalmet au ulipenda makaratasi? Sema leo nisikie!"

Nilisema hivyo, na nilikuwa na maana.

Leinasei aliyaondoa macho kwenye sufuria. "Wifi," akasema, "miaka kumi na minane nilimsomea kaka yako kila tukimaliza kula. Unajua wiki ile ya mwisho aliniomba nini? Hakuniomba simiti. Aliniomba nimsomee cha binti wa taa. Nikamsomea mpaka pale kinapokatika. Akacheka, akasema, 'Lei, nilikukosea sana, na kiberiti chenyewe nilikiazima.'"

Nikaanza kucheka, maana kiberiti kilikuwa changu. Kisha sikuwa nacheka tena. Nilikaa hapo machozi yananidondokea kwenye kiazi cha nguruwe, na wifi yangu naye analia upande wake, na nguruwe nje anapiga kelele chakula kimechelewa.

Nilipojifuta uso nikamwambia, "Huyu nguruwe nimemlisha mimi. Kama anakwenda, kamba nashika mimi."

"Watu watakusema."

"Wananisema tangu nizaliwe. Na yule Kalsau amenikadiria. Amekaa akapiga hesabu yake kwamba mimi nitakuwa mlango wa kumfungia wewe. Mimi! Kesho atanijua."

Tulikwenda Ijumaa saa sita mchana, makusudi, wanaume wametoka mashambani na kila mtu anaona. Leinasei alivaa gauni lake la zambarau la kanisani. Mimi nilivaa la kila siku kwa sababu ya nguruwe. Watoto wa darasa la tano walitoka nje wakajipanga ukutani bila kuambiwa.

Hakulichana jani. Alilinyanyua kwa mkono mmoja taratibu, akapita chini yake, akaingia. Watu walivuta pumzi, nikasikia. Akatoka na kitabu kimoja, akalinyanyua tena, akapita.

"Kichaa!" Mzee Kalsau alikuwa anakuja mbio, kofia mkononi. "Huyu mwanamke kichaa! Mmeona wote! Amelipita jani!"

"Wameona, Mzee," nikamwambia. "Sogea, nguruwe anapita."

Ndipo alipoiona kamba, na mwisho wa kamba akaona meno.

Tukaenda moja kwa moja mpaka farea. Mzee akatutangulia, akasimama mlangoni na mikono ameitandaza. "Mwanamke haingii humu!"

Chifu Tarisau alikuwa amekaa ndani. Akasema, "Kalsau, ondoka mlangoni. Anayelipa faini ya jani huingia mwenyewe akaikabidhi kwa mkono wake. Ndivyo ilivyo tangu babu zetu."

"Ni wanaume, Chifu!"

"Babu hawakusema wanaume. Hakuwahi kutokea mwanamke wa kulipa, basi."

Leinasei akaingia. Alisimama katikati, kitabu kifuani. Mimi nilibaki kizingitini na nguruwe, mguu mmoja ndani mmoja nje, na nguruwe alikuwa ndani zaidi yangu. Nje nyuma yangu niliona kichwa cha Leimara kinapenya katikati ya watu.

"Chifu," wifi akasema, "nimelivunja jani lako. Sikulivunja kwa siri wala kwa bahati mbaya. Nguruwe huyu hapa, pima."

Chifu akainuka, akapitisha kidole kwenye duara la meno, pande zote mbili. "Ametimia," akasema. Alilisema kwa heshima, maana alimjua aliyemfuga.

"Basi nina swali. Kitu kilicholindwa kwa nguruwe kama huyu, na nguruwe ametolewa, thamani yake ni nini?"

Chifu alimwangalia, kisha akamwangalia Mzee Kalsau kwa muda mrefu, kama mtu anayemwambia mwenzake nilikuuliza.

"Thamani yake ni nguruwe huyo."

"Na atakayekichoma?"

"Atatoa nguruwe wa meno yaliyofunga duara."

"Wewe unaye, Chifu. Kuna mwingine kijijini anaye?"

"Hakuna mwingine."

"Na atakayechana ukurasa mmoja tu, akasokotea tumbaku?"

Wanaume kama kumi walianza kuangalia vidole vyao vya miguu. Chifu akacheka. "Binti, usinimalizie watu. Lakini sheria ni hiyo. Hata ukurasa."

"Basi naomba lile jani liachwe palepale mlangoni. Lisimzuie anayeingia kusoma. Limzuie mwenye kiberiti."

"Litaachwa," Chifu akasema, na Mzee Kalsau akavaa kofia yake akaivua, akaivaa tena.

Jumamosi tanuri likawashwa, likakausha mbata kama kila siku. Na nguruwe wa kaka yangu akachinjwa, maana nguruwe wa faini huliwa na kijiji kizima, aliyetoza na aliyetozwa. Sikwenda kuangalia anavyochinjwa. Nilikwenda kuchuma majani ya kufunikia, nikakaa huko mpaka kelele zikaisha.

Wakati nyama iko chini ya mawe ya moto na watu hawana la kufanya ila kusubiri, Leinasei alikaa juu ya gogo akafungua kile kitabu alichokitoa. Akaanza kuwasomea watoto, anageuza maneno kwa lugha yetu moja kwa moja. Mwanzoni walikuwa watoto tu. Kisha wanawake wakasogea na vikapu vyao. Kisha wanaume, ambao kila mmoja alikuwa na sababu ya kupita hapo. Alikuwa bado anasoma mawe yalipofunuliwa, alikuwa anasoma watu wakila, na hakuna aliyemwambia anyamaze ale. Dhoruba imeingia. Baba hajarudi. Binti anapima mafuta kwa kijiti, yamebaki ya kidole kimoja. Anapanda ngazi. Anafika juu, anafungua dirisha, "ndipo akasikia".

Leinasei akafunga kitabu.

"Halafu?" Sauti ilitoka nyuma yetu. Tukageuka. Mzee Kalsau alikuwa amesimama na kipande cha nyama mkononi, mafuta yanamtiririka mpaka kwenye kiwiko, hana habari.

"Hakuna halafu, Mzee."

"Hakuna vipi? Baba yake alirudi au hakurudi?"

"Sijui. Nimekitafuta miaka ishirini na miwili. Kurasa za mwisho zilivutwa tumbaku."

"Zilivutwa!" Alikuwa amekasirika kwelikweli, mishipa ya shingo imemsimama. "Mshenzi gani huyo? Mtu anachukua kitabu cha watu, binti yuko juu peke yake na dhoruba, yeye anavuta? Nani? Mtajeni!"

Wifi yangu aliinamisha uso. Nikaona ni juu yangu.

"Ni yule ambaye nguruwe wake yuko mkononi mwako," nikamwambia. "Alifanya kosa hilo mara moja, akapiga kafi miaka ishirini kulilipia, na hata jana alikuwa bado analipa. Wewe ulitaka kuyachoma makasha kumi na tisa kwa siku moja. Kula, Mzee, inapoa. Na mashua ya kwanza ya Mei ikitia nanga, mtumbwi wa kaka yangu uko palepale ufukweni, utakwenda ukaulize mwenyewe."

Hakuna aliyecheka. Mzee Kalsau aliitazama ile nyama muda mrefu sana, kisha akaila.

Kaburi la Kalmet bado ni kokoto.